Namba Moja, Vitanda Viwili

Haya ninayoyaandika ni kweli tupu, haikutiwa maji wala sukari. Naapa kwa kichwa changu hiki chenye mvi, na anayedhani mvi huota kwa uongo aje aniangalie karibu. Kama kuna nilichoongeza ni majina ya watu tu, kwa sababu kisa bila majina hakishikiki. Mengine yote yalitokea kama yalivyo.

Mboni Semboja aliandika jina lake, akaandika neno lake la siri, akabonyeza, na seva ikamjibu kwamba hakuna mtu wa jina hilo.

Alidhani vidole vimeteleza. Alikuwa ametoka jikoni na mikono bado ilikuwa na unga. Akaipangusa kwenye kanga, akaandika tena taratibu, herufi baada ya herufi. Hakuna mtu wa jina hilo. Mara ya tatu seva haikujibu kabisa. Ilinyamaza, na ndani ya ule ukimya Mboni akasikia kitu: tik, tik, tik, nyuma ya mlango wa kabati la mashine, kama ukucha unaogonga bati.

Seva hiyo waliiita Shangazi, kwa kuwa ndiyo iliyolea watu wote mle pangoni. Huko nje jua lilikuwa limekula kila kitu. Watu wa Handeni, Kilindi na Korogwe, walipochoka kuburuta mizoga ya ng'ombe wao, walipanda milima ya Usambara, wakaingia ndani ya mwamba wenye ubaridi, wakalala kwenye vitanda vyenye vifuniko vya kioo wakingojea mvua irudi. Kila kitanda kilikuwa na waya, na waya zote zilikwenda kwa Shangazi. Ndani ya Shangazi kila mlalaji alikuwa na akaunti yake, na ndani ya kila akaunti kulikuwa na programu moja isiyopumzika waliyoiita mlezi. Mlezi alipima joto, alidondosha dawa ya usingizi tone kwa tone, alimgeuza mtu ubavu asipate vidonda. Mlezi akikoma, mtu wake naye hukoma. Waliobaki macho sasa walikuwa wawili tu, Mboni wa akaunti na Singano wa vyuma, maana akiba ya chakula ilikuwa ya matumbo mawili.

Akainua simu ya ukutani. "Singano, njoo huku. Shangazi hanijui."

Singano, ambaye hakuwahi kupitisha siku bila kumchokoza, alimwambia hata yeye angekuwa na ndugu wa namna ile angemkana hadharani. Alifika akitafuna muhogo. Kisha akasikia ule mlio, tik, tik, na muhogo ukabaki mdomoni haujamezwa.

"Imeanza lini?" akauliza.

"Sijui. Nilikuwa napika."

Wakatazamana. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kufungua kabati.

*

Kilichowaokoa saa ile ni uvivu wa Singano. Kwenye skrini iliyo ubavuni mwa Shangazi alikuwa ameiacha akaunti kuu wazi tangu juzi, jambo ambalo Mboni alikuwa amemgombeza nalo mara nyingi hata akachoka. Sasa alikaa mbele yake, akashukuru kimoyomoyo, akaanza kusoma ripoti za mashine.

Habari hazikuwa nzuri. Shangazi alikuwa amejaribu kuandika kwenye diski akashindwa, akarudia, akashindwa tena, na mwishowe akajifunga mwenyewe. Sasa alikubali kusoma tu. Kuandika hata neno moja alikataa. Ndiyo njia ya mashine ya kulinda kilichobaki. Na hata hicho kilichobaki kilisomeka kwa kubahatisha: orodha ya akaunti ilikuja mara nzima, mara nusu, mara haikuja kabisa. Ndiyo maana hakuna mtu wa jina hilo. Walezi waliendelea kufanya kazi kwa yale waliyokuwa nayo kichwani, kama watu wanaokoroga chungu gizani kwa mazoea.

Singano alichomoa diski iliyokuwa ikiwaka taa nyekundu, akachomeka nyingine aliyoitoa kwa Binamu, seva ya akiba iliyokufa zamani na kugeuka duka lao la vipuri. Ule mlio ukakatika. Mboni alianza kuvuta pumzi, haijafika kifuani, mlio ukarudi. Wakabadilisha waya. Mlio ukarudi.

"Diski mbili nzima haziwezi kuugua ugonjwa mmoja siku moja," Singano alisema. Akapitisha mkono nyuma ya kabati, akaugusisha kwenye kadi inayoziunganisha diski na mashine, akaurudisha kasi kama aliyeshika sufuria. Akamulika tochi. Vile vipipa vidogo vya kutunza umeme vilivyo juu ya kadi vilikuwa vimefura vichwa, kimoja kinavuja ute wa kahawia.

Kadi nzima ilikuwepo, kwa Binamu. Lakini kadi haibadilishwi mashine ikiwa inapumua. Ilibidi Shangazi azimwe, na Shangazi hakuwahi kuzimwa tangu mtu wa kwanza alale humo. Vitanda vingeweza kushika joto bila mlezi kwa muda wa kusonga ugali, si zaidi. Ndivyo waliozijenga zile mashine walivyowaambia, na hakuna aliyewahi kutaka kuhakikisha.

*

Pangoni kulikuwa na desturi: kabla ya kazi yoyote kubwa huitwa majina. Mmoja hukaa kwenye skrini akisoma walezi walioko kazini, mwingine hupita kitanda kwa kitanda na simu mkononi, anagusa kioo na kujibu "yupo". Singano alizoea kuita zoezi hilo sala ya wasioamini. Siku hiyo hakuliita chochote. Alikwenda.

Mboni alisoma, Singano akajibu, safu baada ya safu. Kisha Mboni akasoma, "Mwantumu Kaniki."

"Yupo. Mtoto wako huyu, ananuna vilevile kama mama yake."

Mboni hakucheka. Mstari uliofuata ulisomeka Mwantumu Kaniki tena. Walezi wawili, jina moja, vitanda viwili tofauti.

Akapekua orodha yote akitafuta jina la mama yake mzazi, Mwantumu Hoza, aliyelala safu ya mbele karibu na mlango. Halikuwepo. Akatafuta tena. Akakosea herufi, akafuta.

"Singano. Nenda kwa mama."

Hatua zake zikasikika kwenye simu. "Yupo. Anahema vizuri. Kuna nini?"

Kulikuwa na hili, na Mboni alilielewa palepale. Mashine haimjui mtu kwa jina. Inamjua kwa namba, na jina ni kofia tu iliyovikwa juu ya namba. Alipojifungua mle pangoni, mama yake akiwa ameshalala, Mboni alimpa mtoto jina la bibi yake, kama kwao wafanyavyo, maana kwao bibi aliye hai hufurahi kuitiwa mjukuu. Aliyeandikisha alikuwa karani mmoja mpole kutoka mbali, ambaye kwao mtoto hapewi jina la mtu anayepumua. Karani alisikia jina, akampa Mboni pole kwa sauti ya chini ambayo Mboni, katika uchovu wa uzazi, alidhani ni pole ya uchungu. Kisha, kwa wema, akaifuta akaunti ya "marehemu" na kumrithisha mjukuu namba yake, ili isipotee katika ukoo. Halafu karani naye akaenda kulala.

Ila kufuta akaunti hakumfukuzi aliyeko kazini. Mlezi wa mama hakuambiwa kitu. Aliendelea na namba yake ileile, akimhudumia mwanamke ambaye kwa maandishi hakuwepo, na angeendelea hivyo milele madhali Shangazi hazimwi.

Akizimwa na kuwashwa, walezi wataamshwa upya kwa kufuata orodha. Namba moja, mlezi mmoja.

*

Singano alirudi mbio. Mboni alimweleza, na yeye akajaribu kila mlango ambao Mboni alikuwa ameshaujaribu. Kwa nini wasimfungulie Bi Mwantumu akaunti mpya? Shangazi haandiki. Basi baada ya kuwasha? Namba huchomwa kwenye kufuli ya kitanda siku mtu anapolala, na kufuli haibadilishwi mtu akiwa ndani. Basi wamtoe mtoto? Mwili mdogo namna ile hauamshwi bila daktari, na daktari wao walikuwa wamemzika wenyewe nyuma ya jiko.

Alibaki Bi Mwantumu. Mtu mzima huweza kuamshwa kwa mkono, kwa kishikio kilichoko chini ya kitanda. Ila aliyeamshwa halali tena, damu haikubali ile dawa mara ya pili. Bi Mwantumu alikuwa mkulima. Siku ya kulala alimshika bintiye mkono, akamwambia kwa ukali wake wa kawaida asije akamwamsha kwa jambo lolote pungufu ya mvua. Mboni aliahidi. Kumwamsha sasa ni kumpa uzee ndani ya mwamba, chini ya taa, na pengine kaburi jirani na la daktari, shamba lake asilione tena. Na hakuna wa kumuuliza kama anataka, maana kumuuliza ndiko kumwamsha.

Singano alikaa juu ya ndoo. "Dada Mboni, nitasema neno baya mara moja, na usinikumbushe maisha."

"Sema."

"Mwache alale. Hatasikia chochote. Atapoa tu, kama mtu aliyesahau kujifunika." Alikuwa hamtazami. "Na chakula ni cha wawili. Nalisema hilo pia, kwa sababu nikilinyamazia utadhani silifikirii."

"Angekuwa mama yako?"

"Angekuwa mama yangu ningetaka mtu mwingine aamue. Ndiyo maana nimelisema mimi."

Mlio wa kabatini ukabadilika. Haukuwa tena tik moja moja. Ulikuwa mchakaricho, kama panya ndani ya gunia. Kwenye skrini jina la mtu wa safu ya tatu likapotea. Mboni alipatazama pale lilipokuwa. Likarudi. Likapotea jingine.

Aliinuka bila kujua ameamua. Alipofika mlangoni aligundua anakimbia.

*

Kishikio kilikuwa kigumu, ikabidi akivute kwa mikono yote miwili na mguu ukutani. Kioo kikafunguka, ubaridi ukamwagika miguuni pake. Mama yake alikuwa mdogo kuliko alivyomkumbuka. Kwa muda hakutokea kitu, na Mboni akafikiria kwamba amemuua kwa mikono yake mwenyewe badala ya kuiachia mashine. Kisha kikohozi kikaja, kirefu, kikavu, na macho yakafumbuka.

Bi Mwantumu alisikiliza. Juu yake mapanga ya feni za hewa yalikuwa yakivuma ile sauti yao ya siku zote, ambayo mtu akitaka anaweza kuifananisha na mvua juu ya bati.

"Imenyesha?" akauliza.

Ingekuwa rahisi sana. Ndiyo moja tu, angalau kwa siku ya kwanza. Mboni alihisi neno lenyewe limeshafika kwenye meno.

"Bado, mama."

"Basi umeniamshia nini?"

Mboni alimweleza vibaya, akianzia katikati, akirudi nyuma, akichanganya kadi na karani. Alimvika blanketi huku akisema, akamsugua miguu, akamwinua. Mama yake alimsikiliza mpaka mwisho, uso haukubadilika ila mahali pamoja.

"Mtoto gani?"

"Wangu. Alizaliwa wewe ukiwa umelala. Nilimpa jina lako."

"Bila kuniambia."

"Nilidhani utafurahi."

"Ningefurahi kama ningeambiwa," alisema Bi Mwantumu. "Nionyeshe alipo."

*

Singano alizima. Mapanga ya hewa yalipunguza mwendo, yakasimama, na ukaja ukimya ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuusikia mle ndani. Watu wote wale, safu kwa safu, na hakuna wa kuwaangalia isipokuwa wawili walioinama kwenye kabati na ajuza mmoja aliyejifunga blanketi, amesimama kando ya kitanda kidogo na simu begani.

Kadi ya zamani ilitoka. Mpya ilikataa kukaa. Singano aliibana, akaichomoa, akapuliza vumbi, akaomba Mungu kwa sauti, kitu ambacho Mboni hakuwahi kumsikia akifanya. Ikakaa.

Shangazi aliwaka, akaanza kujikagua mwenyewe taratibu, mstari mmoja mmoja, kama mzee anayepapasa mifuko akitafuta funguo. Mboni alikuwa amemwagiza asimame nusu njia, pale ambapo ni akaunti kuu pekee inaruhusiwa na walezi hawajaitwa bado. Kila pumzi iliyopita hapo ilikuwa joto linalowatoka watu wale. Lakini kulikuwa na jambo lililomkereketa tangu alipoona yale majina mawili, na hakuthubutu kuendelea bila kuliona kwa macho.

Akafungua faili la dawa la Mwantumu Kaniki. Walezi wawili wenye namba moja walikuwa wakiandika kwenye faili moja, kila mmoja akifuta la mwenzake, na wa mwisho kuandika alikuwa mlezi wa bibi. Uzito uliokuwemo ulikuwa wa mtu mzima. Mlezi akiamka angeusoma huo, akampa mtoto dawa ya kumlaza mama mwenye shamba.

"Mboni," Singano alisema nyuma yake. "Ugali umeshaiva."

"Najua."

Aliufuta. Akaandika uzito wa mwanawe, ule alioupima mwenyewe kwa mizani ya mahindi, na ambao hakuhitaji kuutafuta popote. Akaangalia namba kwa mara ya pili, akajilazimisha aangalie kwa mara ya tatu, akaruhusu Shangazi aendelee.

Mapanga yakageuka. Majina yakaanza kupanda kwenye skrini, safu ya mbele, safu ya pili, yakiitana kama watu wanaoshuka kwenye lori. Singano aliyasoma kwa midomo bila sauti. La Mwantumu Kaniki likatokea, mara moja tu. Lakini jina kwenye skrini lilikuwa limewadanganya muda mrefu, na Mboni hakuliamini tena. Alishika simu, asiweze kuuliza.

Upande wa pili alisikia mama yake akihema.

"Mama?"

Kimya.

"Mama, sema kitu."

"Ngoja," alisema Bi Mwantumu, kwa hasira, kama anayekatizwa. Kisha, baada ya muda mrefu kuliko yote, "Amegeuka ubavu."

Mboni aliiweka simu chini taratibu, akakaa sakafuni hapohapo. Singano alimpa mgongo ili asionekane uso.

Walikula watatu chakula cha wawili. Singano alimega sehemu yake akaisogeza mbele ya mgeni bila kutoa utani wowote, na Bi Mwantumu akaipokea bila kushukuru. Alikula polepole. Mboni alisubiri aambiwe lolote, laana au radhi.

"Sijakusamehe," mama yake alisema mwishowe. "Usinisukume. Nililala ili niamke kwenye matope, na wewe umeniamsha kwenye saruji." Akalamba vidole. "Ningeulizwa, ningekwambia niamshe. Lakini hukuwa na wa kumuuliza, na hilo ndilo linaloniuma, kwamba sina hata wa kumkasirikia vizuri."

Akainuka kwa kushika meza, akakataa mkono aliopewa, akaenda zake kukaa kando ya kile kitanda kidogo.

*

Hapo ndipo nilipomaliza kumsomea mke wangu, Bi Saumu, ambaye alikuwa akichambua mchele na kunisikiliza kwa sikio moja, kwa jinsi nilivyodhani. Akauliza ukame huo ulikuwa wa mwaka gani. Nikamtajia mwaka. Akaacha mchele, akahesabu kwa vidole, akaniambia mwaka huo haujafika, na hata ukifika sisi wawili tutakuwa tumeshasahauliwa makaburini. Sasa huyo Mboni nilionana naye wapi? Nikasema mambo mengine mtu huyajua kwa kusoma sana. Akauliza na yule ajuza alivyolamba vidole, nimelisoma wapi hilo.

Humu ndani anayekamatwa na uongo ndiye anayepika, hiyo ni sheria ya siku nyingi, na aliyeitunga ni mimi nilipodhani nitamkamata yeye. Kwa hiyo naishia hapa. Nimeshakalia mbuzi, nazi iko mkononi, na Bi Saumu amesimama mlangoni akisema tui la kwanza liwe zito.